Fagio ni la mpangaji, shoka ni la mwenye nyumba



Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidharau mpaka siku linapotugombanisha. Jambo lenyewe ni uwanja wa nyumba ya kupanga: miti iliyomo, maua, majani yanayoota wakati wa masika, wigo wa michongoma, na takataka zinazodondoka kila kukicha. Nani mwenye wajibu wa kuvitunza vitu hivi? Ni mpangaji anayelala humo, au ni mwenye nyumba ambaye jina lake limo katika hati? Mwembe ukizaa, maembe ni ya nani? Na tawi la mwembe huo huo likianguka juu ya bati, fundi alipwe na nani?

Nimeonyeshwa mikataba mingi ya kupanga hapa mjini. Mingi ina ukurasa mmoja au miwili. Humo utakuta kodi imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, isije ikaleta ubishi. Utakuta habari za umeme, maji, idadi ya watu watakaokaa, hata kama inaruhusiwa kufuga mbwa. Lakini habari za uwanja, hakuna hata mstari mmoja. Kila upande unadhani jambo hilo linajulikana. Mwenye nyumba anadhani mpangaji anajua, na mpangaji anadhani mwenye nyumba atakuja. Majani yanaota, tawi linaoza, na siku ya siku watu wanaitana kwa mjumbe.

Nianze na sheria, maana wengi hudhani kwamba mkataba ukinyamaza basi na sheria nayo imenyamaza. Sivyo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania Bara, Namba 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, imeweka masharti ambayo huhesabiwa kuwamo katika kila mkataba wa kupanga, hata kama hayakuandikwa, isipokuwa wenyewe wamekubaliana vingine. Masharti ya mwenye nyumba yamo katika kifungu cha 88, na ya mpangaji yamo katika kifungu cha 89. Na msijidanganye kwamba hamna mkataba kwa sababu hamkuandikiana. Sheria hiyo inakubali upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, ufanywe hata kwa maneno ya mdomo.

Mwenye nyumba anabanwa na mambo kadhaa. Kwanza, amwache mpangaji akae kwa utulivu bila kumwingilia. Pili, anapopangisha sehemu tu ya jengo, kama vile chumba na sebule, ni juu yake kutunza paa, kuta za nje, mifereji mikuu na njia zinazotumiwa na watu wote. Tatu, nyumba ya kuishi iwe inafaa kukaliwa na binadamu siku ya kuingia na siku zote za upangaji.

Mpangaji naye anabanwa. Alipe kodi kwa wakati. Aitumie ardhi kwa namna isiyoiharibu. Na hapa, ndugu msikilizaji, sikiliza kwa makini, maana ni watu wachache wanaojua: sheria inamkataza mpangaji waziwazi kukata, kujeruhi au kuharibu mti ulio hai katika ardhi aliyopanga, ila kwa sababu maalumu zilizotajwa na sheria yenyewe. Halafu siku ya kuondoka, airudishe nyumba na ardhi katika hali aliyoikuta, ukiacha uchakavu wa kawaida na majanga ambayo hayakuletwa na uzembe wake, kama vile mafuriko au dhoruba.

Ukiyaweka masharti haya mawili pamoja, utaona kwamba sheria imegawa kazi kwa namna inayoingia akilini. Mimi nimejitungia kanuni ndogo ya kuikumbuka: fagio ni la mpangaji, shoka ni la mwenye nyumba. Kazi inayofanywa kwa fagio, reki, ndoo ya maji na fyekeo ni ya yule anayekaa ndani. Hiyo ndiyo kazi ya kila siku: kufagia majani, kufyeka nyasi, kumwagilia maua, kupunguza wigo usizibe njia. Lakini kazi inayohitaji shoka, msumeno, ngazi na fundi ni ya mwenye mali. Mti mkubwa ulioinamia paa, mizizi iliyoingia katika karo la choo, shina lililoliwa na mchwa, hayo si mambo ya kumwachia mtu ambaye mwezi ujao huenda akahama. Mti hauhami, ndugu zangu. Anayehama ni mpangaji.

Kanuni hii inabadilika kidogo kufuatana na aina ya upangaji, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa.

Aliyepanga nyumba nzima yenye uzio wake amechukua nyumba pamoja na uwanja. Uwanja ule uko mikononi mwake. Nyasi zikifika magotini, hawezi kumsubiri mwenye nyumba aje kutoka Kigoma kufyeka. Lakini aliyepanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, kama ilivyo kwa wengi wetu, hana uwanja wake peke yake. Uwanja ni wa wote. Hapo kazi ya fagio inagawanywa kwa zamu kati ya wapangaji wote, na mwenye nyumba ndiye mwenye kusimamia utaratibu. Nimeona nyumba ambazo zamu imebandikwa ukutani karibu na bomba, na uwanja unang'aa. Nimeona na nyingine ambazo mama mmoja mwenye subira ndiye anayefagia mwaka mzima, na wenziwe wanamwita mfanyakazi wa uwanja. Hiyo si haki.

Sasa tuje kwenye matunda, maana hapa ndipo ugomvi unapoanza kwa utani na kuishia kwa matusi.

Sheria inapoitaja ardhi, inahesabu ndani yake na vitu vinavyoota humo kwa asili. Kwa hiyo mti ni mali inayokwenda na kiwanja. Lakini matumizi ya kiwanja amepewa mpangaji kwa muda wa mkataba. Kwa hiyo aliyepanga nyumba nzima kwa kawaida ana haki ya kuchuma matunda yanayokomaa katika muda wake. Shina na mbao zake ni za mwenye nyumba. Kama mwenye nyumba anataka kubakiza nazi au maembe yake, na aseme siku ya kwanza na iandikwe. Asije akatokea alfajiri na mkwezi na gunia, watu wamelala, akaanza kuangua madafu juu ya vichwa vya watoto. Hata kama nazi ni zake, uwanja ule kwa wakati huo una mwenyeji, na hodi ni lazima.

Katika nyumba ya vyumba vingi, maembe ni chanzo cha uhasama kuliko hata bili ya umeme. Hapo sheria haitawasaidia sana. Kinachosaidia ni kugawana. Mwenye nyumba mwenye busara huchukua fungu lake na kuwaachia wapangaji fungu lao, na hasara yake ni ndogo kuliko faida ya kukaa na watu wasiomnung'unikia.

Baadhi ya wasikilizaji wataniuliza: mbona wenye nyumba wengi huwa wakali mpangaji akipanda mti hata wa mpapai? Ukali huo haukuanza leo. Katika mwambao wetu, Bara na Visiwani, tangu zamani mti uliweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Mtu aliweza kuirithi minazi kumi au mikarafuu mitano iliyomo katika shamba la mtu mwingine. Ndiyo maana aliyeazimwa ardhi aliruhusiwa kulima mihogo, mahindi na kunde, lakini hakuruhusiwa kupanda mnazi wala mwembe. Mihogo ikishavunwa, kumbukumbu yake inakwisha. Mnazi unakaa miaka hamsini na zaidi, na wajukuu wa aliyeupanda wanaweza kuja siku moja wakasema, hapa ni petu, babu yetu alipanda.

Kwa hiyo mzee anayemkataza mpangaji kupanda mwarobaini hana roho mbaya. Anakumbuka mila. Lakini mpangaji naye ana haki ya kukaa mahali penye kivuli. Dawa ni nyepesi: omba ruhusa, upande, na muandikiane kwamba mti utabaki kuwa mali ya nyumba. Mwenye nyumba anapata mti wa bure, mpangaji anapata kivuli, na hakuna mjukuu atakayedai kitu.

Na siku ya kuhama je? Mpangaji anaweza kuchukua maua yaliyo katika vyungu na makopo, maana hayo ni mali yake kama vile kabati na kitanda. Lakini kilichopandwa ardhini kikashika mizizi kimekuwa sehemu ya ardhi. Asing'oe michongoma wala asikate mipapai kwa hasira eti aliipanda yeye. Mchicha na matembele yaliyo tayari kuvunwa, na avune kabla ya kukabidhi ufunguo. Hilo hata mwenye nyumba mkali hawezi kulikataa.

Ndugu wasikilizaji, mpaka hapa mtasema nazungumzia mambo madogo, nyasi na maembe. Nawaomba sasa tuzungumzie hatari.

Katika mtaa ninaokaa kulikuwa na mwembe mkubwa katika nyumba ya vyumba vitano. Chini yake wapangaji walijenga jiko la bati. Tawi moja lilikauka. Mama mmoja mpangaji, mwenye watoto watatu, akamwendea mwenye nyumba akamwambia, "Shikamoo mzee. Lile tawi la juu limekufa, naomba ulikate kabla ya mvua." Mzee akajibu, "Marahaba mwanangu. Maembe mnakula nyinyi, basi na matawi kateni nyinyi." Yule mama akasema, "Mzee, mimi nimepanga chumba, sikupanga mwembe." Wakacheka wote wawili. Wiki tatu baadaye, masika yalipopamba moto, tawi lilianguka usiku. Likavunja jiko, likavunja na mkono wa binti wa miaka tisa aliyekuwa amekwenda kuchota maji ya kunywa.

Palipofika kikao cha mtaa, mzee alisema hakuwahi kuarifiwa. Mama akaapa kwamba alimwarifu. Hapakuwa na shahidi wala karatasi. Kikao kikaisha kwa mzee kuchangia nusu ya gharama za hospitali, na tangu siku hiyo hawakusalimiana tena mpaka mama alipohama.

Mimi nasema kanuni iko wazi. Anayejua, au aliyepaswa kujua, kwamba kitu kilicho chini ya mamlaka yake kinahatarisha watu, kisha akakaa kimya, huyo anaweza kudaiwa fidia. Katika nyumba ya vyumba vingi, mwembe uko chini ya mamlaka ya mwenye nyumba, na kula maembe hakumhamishii mpangaji mzigo wa tawi lililooza. Lakini mpangaji naye ana wajibu mmoja mkubwa: kuarifu, na kuarifu kwa namna itakayobaki. Andika barua fupi, weka tarehe, baki na nakala. Huna karatasi? Tuma ujumbe wa simu na usiufute. Tangu ipitishwe Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa namna hiyo unaweza kupokelewa kuwa ushahidi. Maneno ya mdomo yanapeperuka, na upepo wa masika ni mkali.

Wakati mwingine hatari iko kwa jirani. Mti umeota upande huu, matawi yametambaa upande wa pili, majani yanajaza mifereji ya paa la mwenzako. Sheria yetu katika jambo hili imejengwa juu ya kanuni za Kiingereza, ambazo Tanganyika ilizipokea kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri zinavyofaa mazingira yetu. Mwaka 1894 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua, katika kesi ya Lemmon na Webb, kwamba jirani anaweza kukata matawi yaliyovuka mpaka wake, bila hata kumpa taarifa mwenye mti, mradi asiingie katika ardhi ya mwenzake. Lakini mwaka 1919, katika kesi ya Mills na Brooker iliyohusu matofaa, mahakama ilisema kwamba matunda ya matawi hayo yanabaki kuwa mali ya mwenye mti. Kwa lugha ya uswahilini: kata tawi lililokuingilia, lakini maembe yaliyomo mrudishie mwenyewe. Hiyo ni sheria. Ujirani unadai zaidi ya hapo. Bisha hodi kwanza, mwambie, mpe siku chache. Panga linaweza kusubiri.

Na miti iliyogusa nyaya za umeme, nawasihi, asiipande mtu yeyote, awe mpangaji, mwenye nyumba au kijana wa kukodiwa. Tawi bichi hupitisha umeme. Toeni taarifa TANESCO, wao wana vifaa na wanajua kuzima laini. Kadhalika, kabla ya kuangusha mti mkubwa mjini, mwenye nyumba apitie kwanza ofisi ya serikali ya mtaa na aulize habari za kibali. Mti ukishalala chini hausimamishwi tena.

Kuna hatari nyingine isiyopiga kelele, nayo ni maji yaliyotuama. Jiji la Dar es Salaam liliwahi kukumbwa na mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu anayeeneza ugonjwa huo huuma mchana, na hapendi mto wala bwawa. Anataka maji machache yaliyotulia: katika kopo, katika gurudumu la gari lililotupwa nyuma ya nyumba, katika sahani iliyowekwa chini ya chungu cha maua, katika kifuu cha nazi. Kazi ya kumwaga maji hayo ni kazi ya fagio, kwa hiyo ni ya mpangaji, na haihitaji senti tano. Lakini mfereji wa paa uliopinda na mtaro ulioziba kwa mizizi ni kazi ya shoka, na mwenye nyumba asimtupie mpangaji.

Sasa tufanyeje? Nashauri kwamba katika mkataba wowote wa kupanga, hata ule wa kuandikwa kwenye karatasi ya daftari, yaongezwe mambo sita. Moja, kutaja miti iliyopo siku ya kuingia, kwa idadi na aina. Mbili, nani atafagia na kufyeka, na kama ni zamu, zamu iweje. Tatu, matunda yatagawanywaje. Nne, nani atagharimia kupogoa, na baada ya muda gani. Tano, kama mpangaji anaruhusiwa kupanda, apande nini na wapi. Sita, mwenye nyumba akiarifiwa juu ya hatari, atachukua siku ngapi kuishughulikia. Mambo sita hayajazi hata nusu ukurasa. Kama mnaweza, pigeni na picha ya uwanja siku ya kukabidhiana ufunguo, kila mmoja abaki na yake.

Mpangaji asiyesikilizwa asianze kukata kodi kwa kujiamulia mwenyewe, wala asishike shoka. Kifungu cha 89 nimekwisha kukitaja. Mti ulio hai unaweza kumgeuza mdai kuwa mdaiwa. Aanze na mazungumzo, kisha barua, kisha ofisi ya mtaa. Likishindikana, lipo Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu, si kutoa hukumu. Usuluhishi ukishindikana, mwenye kuamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Lakini huko ni mbali, kuna nauli na kuna siku za kazi zinazopotea. Mgogoro wa tawi moja hauna sababu ya kufika huko.

Kwa wenye nyumba nina neno moja. Mnapokuja kuchukua kodi, msiishie kizingitini kuhesabu noti. Inueni macho mtazame juu, mzunguke nyuma ya nyumba, muulize kuna nini kimeharibika. Hizo ni dakika kumi tu. Kwa wapangaji nina neno moja pia. Msiseme, "Si kwangu, nitahama." Watoto wenu wanacheza katika uwanja huo leo. Na mahali utakapohamia, utamkuta mpangaji mwingine aliyehama jana akisema maneno hayo hayo, na majani yake utayafyeka wewe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Masika hayako mbali. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda kazini, tazama mti ulio karibu na dirisha lako. Kama kuna tawi kavu, mwandikie mwenye nyumba leo hii.

Tukutane juma lijalo, majaliwa. Kwa herini.